Bustani ya nyumbani kwa hela kidogo: anza na udongo, miche itafuata

Nianze kwa kukiri. Bustani yangu ya kwanza niliiua mwenyewe, tena kwa hela yangu. Nilinunua miche saba ya maua iliyokua imestawi vizuri kabisa, majani yanang'aa, nikachimba vishimo saba vya saizi ya kopo nikaitumbukiza, nikawa namwagilia kila jioni kama mtu anayelipwa, baada ya wiki tatu ikabaki miwili na hiyo miwili yenyewe ilikua inatia huruma. Nilipoing'oa iliyokufa nikakuta mizizi bado ina umbo lilelile la kikopo ilichotoka nacho, haijasogea popote, maana kuzunguka shimo kulikua na vipande vya plasta, misumari ya ujenzi na udongo mgumu kama tofali, na maji yote niliyokua namwaga yalikua yanakaa mlemle kama kwenye bakuli. Yaani miche yangu haikufa kwa kiu. Ilizama.

Ndo maana siku hizi mtu akiniuliza anunue mimea gani, namwambia usinunue kwanza. Kama hela ni kidogo basi hiyo kidogo iende ardhini, maana udongo mzuri unaweza kumuinua hata mche dhaifu uliopewa bure, ila mche wa bei mbaya ukiuweka kwenye udongo mfu utakufa tu kwa heshima zote. Na uzuri ni kwamba kazi ya udongo karibu yote ni ya jasho na subira, hela inaingia kidogo sana.

Kabla hujachimba, kaa uangalie

Hii hatua watu wanairuka kwa sababu haionekani kama kazi. Chukua karatasi, chora eneo lako kwa mchoro wowote hata kama ni mbaya, alafu siku moja ambayo uko nyumbani toka nje saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni uweke alama wapi kuna jua na wapi kuna kivuli. Nyanya, pilipili, bilinganya na maua mengi yanataka jua la moja kwa moja masaa sita mpaka nane kwa siku, chini ya hapo utapata majani marefu na matunda ya kuhesabu. Mboga za majani, mnanaa na giligilani zinavumilia hata masaa matatu manne. Ukishajua hilo umeshaokoa hela, kwa sababu mimea mingi tunayosema imekataa haijakataa, imewekwa tu sehemu siyo yake.

Mvua ikinyesha usijifungie ndani, chungulia. Angalia maji yanapita wapi na yanatuama wapi. Panapotuama ndo pa kuinua tuta au pa kupanda kitu kinachopenda unyevu, na panapokauka haraka sogeza huko vitu vigumu kama rosmari na mishubiri.

Alafu udongo wenyewe upime, kipimo ni chupa tu. Jaza chupa ya plastiki angavu udongo theluthi moja (chimba kidogo, usichukue vumbi la juu), ongeza maji mpaka karibu na shingo, weka na tone la sabuni ya maji, tikisa sana alafu iache imetulia. Mchanga utakaa chini ndani ya dakika moja hivi, juu yake itafuata tope laini kwa masaa kadhaa, na udongo wa mfinyanzi utachukua siku nzima au zaidi kushuka, vile vinavyoelea juu ni mabaki ya mimea. Angalia tabaka lipi ni nene. Mchanga mwingi maana yake maji na mbolea vinapita bila kukaa, mfinyanzi mwingi maana yake maji yanakaa kupita kiasi na mizizi inakosa hewa. Habari njema ni kwamba dawa ya yote mawili ni moja, mboji, yaani mbolea ya mabaki yaliyooza. Usije ukaongeza mchanga kwenye mfinyanzi ukidhani unaulainisha, kiasi kidogo cha mchanga hakisaidii kitu na unaweza kujikuta umetengeneza kitu kinachokaribia zege.

Na kile kilichoniua mimi kinapimwa hivi: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena alafu ndo uanze kuhesabu. Maji yakishuka sentimita 2 mpaka 5 kwa saa uko vizuri. Yakiwa yamekaa tu yanakuangalia, panda juu kwenye tuta la kuinuliwa, usipigane na hapo chini.

Mboji, hapa ndo penye utajiri

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ukiipata hii sehemu nyingine zote zinakua rahisi.

Mboji inatengenezwa na vitu vya aina mbili. Kuna vya kijani, yaani vyenye unyevu na naitrojeni nyingi kama maganda ya mboga na matunda, majani mabichi, nyasi zilizokatwa leo, majani ya chai na mabaki ya kahawa, na samadi. Alafu kuna vya kahawia, vikavu, vyenye kaboni nyingi, kama majani makavu, maboksi yaliyochanwachanwa, nyasi kavu, vijiti vidogo, machujo kidogo ya mbao ambayo haijapakwa dawa wala rangi. Kosa la karibu kila mtu anayeanza ni kuweka maganda ya jikoni peke yake, siku ya nne linaanza kunuka na mainzi wanafanya mkutano, mwenye nyumba anakuja kuuliza. Kipimo cha kienyeji ni ndoo mbili mpaka tatu za kahawia kwa kila ndoo moja ya kijani. Kila ukimwaga maganda, funika na majani makavu, hutasikia harufu.

Lundo likiwa dogo sana halipati joto. Lenga kama mita moja kwa mita moja kwa mita moja, ukipata hapo lundo linaweza kufika nyuzi joto 55 mpaka 65 ndani ya siku chache na joto hilo ndo linaua mbegu nyingi za magugu na vijidudu. Mimi huwa nachomeka mkono (baada ya kutoboa tundu na mti), kama siwezi kuuacha mle kwa muda basi najua linafanya kazi. Unyevu uwe kama sponji uliyoikamua, ukifinya kiganjani yatoke matone mawili matatu siyo mchirizi. Ligeuze kila wiki moja au mbili, la nje liende ndani, na ndani ya miezi miwili mitatu unaweza kua na kitu cheusi chenye harufu ya msitu baada ya mvua. Ukiwa mvivu wa kugeuza haitaharibika, itachelewa tu, pengine hata nusu mwaka au mwaka. Kama huna nafasi ya lundo kabisa chimba mtaro katikati ya matuta, fukia maganda humohumo sentimita 20 chini, sogea mbele kila siku. Nyungunyungu watamaliza kazi.

Usiweke nyama, samaki, mafuta, kinyesi cha mbwa au paka, wala mimea iliyokufa kwa ugonjwa. Na magugu yenye mizizi inayochipua upya yaanike kwanza kwenye jua mpaka yawe vijiti, la sivyo unayapandikiza mwenyewe.

Samadi ukipewa na mtu mwenye kuku au mbuzi, pokea kwa mikono miwili, ila usiiweke mbichi kwenye mimea, hasa ya kuku, inaunguza mizizi. Ichanganye kwenye lundo iive. Kama umelazimika kuweka mbichi ardhini basi weka mapema, tangu siku hiyo mpaka kuvuna zipite siku 120 kwa mboga zinazogusa udongo na 90 kwa zile zinazoning'inia juu, hiyo ni sababu ya afya siyo ya mimea. Na kuna kitu wengi hawakijui, samadi ya mnyama aliyekula majani yaliyopigwa dawa fulani za magugu inaweza kubaki na sumu hiyo muda mrefu. Kabla hujaimwaga bustani nzima ichanganye na udongo kwenye kikopo kimoja, panda maharage matatu manne, subiri wiki tatu hivi. Majani yakijikunja kama yamebanwa na pini, hiyo samadi irudishe ilikotoka.

Sasa hesabu ya matumizi. Tuta la mita 1.2 kwa 3, ukitandaza mboji unene wa sentimita 3, unahitaji kama lita 108, yaani ndoo tano na kitu za lita 20. Kwaiyo ukiwa na mboji kidogo usiisambaze uwanja mzima kama chumvi, tengeneza tuta moja zuri mwaka huu, mwakani la pili. Hapa ndo watu wengi wanapoteza, wanataka eneo lote lipendeze kwa mpigo mmoja, mwishowe hakuna hata kona moja iliyopendeza.

Kuua nyasi na magugu bila jembe wala dawa

Boksi. Hayo maboksi makubwa ya kahawia yanayotupwa. Toa selotepu zote na pini, yale ya kung'aa yenye rangi nyingi yaache. Fyeka nyasi mpaka chini, mwagilia, tandika maboksi yapandiane sentimita 15 hivi maana magugu yana akili ya kutafuta upenyo, mwagilia tena mpaka yalainike kabisa yashike ardhi, juu yake weka mboji au majani makavu unene wa kiganja. Baada ya miezi kadhaa chini kutakua kumelainika, boksi limeliwa na nyungunyungu, na wewe hujapinda mgongo. Kama una haraka toboa boksi kwa kisu, weka mche kwenye tundu na mboji kidogo, endelea na maisha. Nyasi zenye mizizi mirefu ya kutambaa zitakusumbua pembeni, hizo unazing'oa tu kila zikichungulia, hakuna ujanja.

Matandazo ndo hivyohivyo, ni nguo ya udongo. Majani makavu au nyasi zisizo na mbegu, sentimita 5 mpaka 8, ila yasiguse shina, acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka maana shina likikaa na unyevu muda wote linaoza na konokono wanajificha hapo. Udongo uliofunikwa unakaa na maji muda mrefu, hauchemki mchana, na palizi inapungua sana. Nyasi mbichi za kukatwa usizimwage nene kwa mpigo, zinagandana zinakua kama mkeka wenye ute, zianike kwanza.

Kuhusu matuta kwa ufupi: upana usizidi mita 1.2 kama unafika pande zote mbili, sentimita 60 kama ni upande mmoja wa ukuta, njia ya kupita sentimita 50 hivi. Lengo ni usikanyage tuta hata siku moja. Na ukishalainisha udongo mara ya kwanza hakuna haja ya kuupindua kila msimu, weka mboji juu, wadudu wa ardhini wataishusha wenyewe.

Maji

Fanya jaribio hili leo. Mwagilia kama unavyomwagilia kila siku, subiri dakika kumi, alafu chimba na kijiko. Mimi mara ya kwanza nilikuta unyevu sentimita mbili tu, chini vumbi tupu, na nilikua nimesimama na mpira pale robo saa nikijiona mkulima hodari. Ukimwagilia juujuu kila siku mizizi inabaki juujuu, siku ukisafiri tu mimea yote inalala chini. Bora umwagilie mara mbili tatu kwa wiki maji yashuke mpaka sentimita 15 au 20, na uongeze kama jua ni kali au udongo ni wa kichanga. Miche michanga na vyungu hiyo sheria haiwahusu, hao kila siku unawaangalia. Kipimo ni kidole, kizamishe mpaka kiungo cha pili, kikitoka na unyevu ondoka zako.

Asubuhi ni bora kuliko jioni, maana majani yakilala yamelowa ukungu unashangilia. Mwagilia shinani siyo kichwani.

Maji ya bure yapo juu ya nyumba yako. Mvua ya milimita 1 kwenye paa la mita mraba 1 ni lita 1, hesabu rahisi hivyo. Upande wa paa wa mita 5 kwa 6 ni mita mraba 30, mvua ya milimita 10 tu inakupa lita 300, toa zinazomwagika na kuvuja bado unabaki na kama 240. Pipa lolote linafaa ilimradi halikuwahi kubeba kemikali. Lifunike na wavu mdogo au kitambaa cha chandarua, la sivyo unafuga mbu. Dakika za mwanzo za mvua baada ya kiangazi ziache zipite, zinaosha vumbi na uchafu wa ndege.

Maji ya kuoshea mboga mwaga bustanini bila wasiwasi. Ya vyombo na ya kufulia yenye sabuni kidogo unaweza kuyapeleka kwenye maua na miti, siyo kwenye mboga za kula mbichi, na kama yana dawa ya kung'arisha nguo yaache kabisa. Usiyaweke akiba pia, siku ya pili yananuka.

Miche ya bure

Hapa ndo utaokoa hela nyingi kuliko sehemu nyingine zote. Jirani mwenye bustani nzuri ni duka lako, na wengi wanafurahi ukiwaomba kwa sababu mimea yao imejaa inataka kupunguzwa. Uende na kitu mkononi, hata ndoo ya majani makavu.

Rahisi kabisa ni kugawa. Mchaichai, mishubiri, mimea ya kujaza pembeni ya njia, yote hii inazaa watoto kwenye shina. Chimba kichaka, gawanya kwa mikono au panga kila kipande kiwe na mizizi na machipukizi, punguza majani kwa nusu (ya mishubiri yaache), panda siku hiyohiyo. Kichaka kimoja kinatoa vitano.

Vipandikizi navyo siyo uchawi. Chukua tawi lenye afya, lisilo na ua, urefu wa sentimita 10 mpaka 15. Kata chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea, kwa sababu hapo ndipo mizizi inapenda kuanzia. Toa majani yote ya nusu ya chini, acha mawili manne juu, yakiwa makubwa yakate nusu kwa upana maana tawi halina mizizi bado na kila jani linapoteza maji. Chomeka kwenye kikopo chenye mchanga na mboji nusu kwa nusu, toboa tundu kwanza na kijiti usije ukachubua ganda, bana udongo na vidole, mwagilia, funika na chupa ya plastiki uliyokata kitako, toa kifuniko chake ili hewa ipite. Weka sehemu yenye mwanga ila siyo jua kali. Mnanaa na mrehani hata kwenye glasi ya maji zinatoa mizizi ndani ya wiki moja au mbili, rosmari inaweza kuchukua wiki sita au zaidi, haiba yake ni ya taratibu. Ukitaka kujua vuta kidogo sana, likikataa kutoka basi lina mizizi. Weka vipandikizi vitano kwa kila mche mmoja unaoutaka, vitatu vikifa usilie.

Vitunguu majani, hiyo sehemu ya chini yenye mizizi unayoitupa, kata ikiwa na sentimita tatu uipande. Itachipua tena na tena.

Mbegu za dukani ziwe za vitu ambavyo kweli unakula. Kabla ya kupanda mbegu za zamani zijaribu, weka kumi kwenye kitambaa chenye unyevu, kunja uweke kwenye mfuko sehemu ya joto. Zikiota nane panda kawaida, zikiota tano panda mara mbili, chini ya hapo achana nazo. Mbegu za vitunguu hazidumu, mwaka mmoja au miwili zinapoteza nguvu, za nyanya zinakaa minne na zaidi. Kina cha kupanda ni mara mbili mpaka tatu ya unene wa mbegu yenyewe, watu wengi wanazika mbegu ndogo kama wanazika hazina. Saladi usiizike kabisa, inapenda mwanga, ibonyeze tu juu.

Miche iliyolelewa kivulini usiitoe ghafla kwenye jua. Siku ya kwanza saa moja, kesho mawili, ndani ya wiki hivi itakua imekomaa.

Vyungu

Chombo chochote kinachoshika udongo na kinachotoboka ni chungu: ndoo iliyopasuka mdomo, gunia, beseni, sufuria iliyokufa. Matundu chini ni lazima. Ila ule utaratibu wa kuweka mawe au kokoto chini ili maji yatoke vizuri hausaidii, maji hayapendi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe makubwa mpaka udongo ushibe kabisa, kwaiyo unachofanya ni kupandisha tope karibu na mizizi na kupunguza nafasi. Weka kipande cha wavu au gae kuzuia udongo kutoka, basi. Nyanya moja inataka ndoo ya lita 20, ukiiweka kwenye kopo la lita 5 utashinda unamwagilia. Na vyombo vilivyowahi kubeba dawa, rangi au mafuta ya mashine kamwe.

Wadudu, na uongo kidogo wa kitaani

Vidukari, wale wadogo wa kijani au weusi wanaojazana kwenye ncha laini, wapige na maji ya nguvu kwanza, wakianguka wengi hawarudi. Wakizidi weka kijiko kidogo cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali kwenye lita 1 ya maji, jaribu kwenye jani moja usubiri siku nzima, alafu pulizia jioni chini ya majani. Sabuni inaua mdudu aliyeguswa tu, aliyejificha amepona, kwaiyo rudia baada ya siku tano sita. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina fuatilia, wao wanawafuga vidukari kama ng'ombe, wanakamua maji matamu na wanawalinda dhidi ya adui zao. Ukizuia sisimizi umesaidia nusu ya kazi.

Konokono toka na tochi usiku, dakika kumi na kopo, mara tatu kwa wiki, hakuna dawa inayoshinda hiyo. Majivu ya kuni yanawazuia yakiwa makavu, yakilowa yamekwisha, na usiyamwage kila siku kwa sababu yanapunguza asidi ya udongo na baadhi ya mimea haipendi.

Familia ya nyanya, viazi mviringo, pilipili na bilinganya ni moja, magonjwa yao ni mamoja. Usizifuatanishe sehemu moja msimu kwa msimu. Baada yao weka jamii ya mikunde, na ukivuna maharage usiyang'oe, kata shina usawa wa ardhi uache mizizi ioze humo, inarudisha naitrojeni kidogo.

Maganda ya mayai, naomba tuelewane. Nyanya ikioza kitako watu wanakimbilia maganda ya mayai, na ni kweli tatizo linahusu kalsiamu, ila mara nyingi kalsiamu ipo ardhini na kinachokosekana ni maji ya kuipeleka kwenye tunda kwa mpangilio, leo mafuriko kesho jangwa. Ganda lenyewe linachukua muda mrefu sana kuoza. Rekebisha kumwagilia, weka matandazo, matunda yanayofuata yatakua salama.

Na kwa wale wenye ujasiri: mkojo. Una naitrojeni ya kutosha, changanya kimoja kwa kumi za maji, mwaga kwenye udongo siyo kwenye majani. Wa mtu mzima wa afya asiye kwenye dozi. Huhitaji kumtangazia mgeni.

Ipendeze machoni

Kinachofanya bustani ya hela kidogo ionekane ya hela nyingi ni mipaka. Safisha ukingo, panga mawe au vipande vya matofali kwenye mstari (tumia kamba, jicho linadanganya), nyasi zikatwe usawa. Ukikata nyasi usizidishe theluthi moja ya urefu wake, ukizinyoa kipara zinadhoofika na magugu yanapata nafasi. Alafu rudia. Aina ishirini za mmea mmoja mmoja zinaonekana kama duka la mitumba, aina nne zilizorudiwa tano tano zinaonekana kama mtu alipanga, na bahati nzuri kurudia ndo rahisi zaidi ukiwa unazalisha vipandikizi mwenyewe.

Hela yenyewe sasa iende wapi? Jembe dogo la mkono lililo imara, mkasi mzuri wa kupogolea, koleo. Hivyo vitatu nunua vya maana hata kama ni vya mtumba, vinoe kwa tupa, vifute vikavu kila ukimaliza. Keni ya kumwagilia siyo lazima, chupa ya lita mbili iliyotobolewa kifuniko na msumari wa moto inafanya kazi ileile.

Mwisho wa msimu acha mimea miwili mitatu bora, siyo ile iliyobaki kwa bahati, ikomae utoe mbegu. Maharage yaache yakaukie kwenye mti mpaka yalie ukiyatikisa. Nyanya kamua mbegu na ute wake kwenye glasi, ongeza maji kidogo, acha siku mbili tatu mpaka zitoe ukungu na harufu mbaya, osha, zinazoelea mwaga, zilizozama anika kwenye sahani siyo kwenye karatasi maana zitagandia. Mbegu za mche chotara ziache, zitaota ila hutajua utapata nini. Weka kwenye bahasha sehemu kavu isiyo na joto na uandike kwa penseli jina na mwaka, jina kamili tafadhali, mimi nina bahasha tatu hapa zimeandikwa "nyekundu" na mpaka leo sijui nyekundu ya nini.